Kiti cha Siku ya Wageni

Dodoma,
3 Machi 2025

Dada Odeta,

Shikamoo. Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Uliwahi kusema mtu anayeandika barua siku hizi ama anadai ama anaacha mke. Mimi sidai wala siachi. Kuna kifurushi, na kifurushi bila barua ni kama mtu kuingia bila hodi.

Picha yako ilifika ofisini kwetu wiki iliyopita. Uko nyuma ya ile meza kubwa ya Redio Ukingo, kwenye kiti cha mhariri wa habari, kalamu mkononi, ramani ya ziwa ukutani nyuma yako. Mkuu wangu hapa kwenye shirika ameibandika kwenye ubao wa matangazo. Akaniuliza, "Huyu ndiye yule aliyekufundisha kazi?" Nikasema ndiye. Halafu nikaenda chooni nikalia, usinicheke.

Nilikumbuka tulivyoanza siku moja pale Ukingo. Wewe umetoka kuuza dagaa soko la Mwaloni, mimi nimetoka dukani kwa baba, sijui hata kuwasha kinasa sauti. Wiki haijaisha wewe umeshaishika kazi, ukaniambia, "Mdogo wangu, usimshikie mtu kinasa kama unamlisha uji. Mshikie kama unamdai." Mpaka leo nawafundisha mabinti hivyo hivyo.

Mradi wetu upo kwenye redio tisa za Kanda ya Ziwa. Lengo ni wanawake, watu wenye ulemavu, wenye ualbino, wote walioachwa pembeni, wafike kwenye nafasi za kuamua nini kinatangazwa. Kati ya redio hizo tisa, ni Ukingo peke yake iliyompa mwanamke kiti hicho. Kwa hiyo tarehe 14 Mei nakuja na wafadhili wenyewe, waone kwa macho.

Ndani kuna kitenge, na kibao cha kuweka mezani. Jina lako nimelisimamia mwenyewe kwa fundi, herufi zimekaa vizuri.

Hongera, mhariri wangu.

Mdogo wako,
Nusrat Nurudin


Kirumba, Mwanza,
10 Machi 2025

Nusrat,

Marahaba. Kitenge nimekipokea, asante. Kibao nakirudisha kwa basi lile lile, kwenye gazeti lile lile ulilokifungia.

Nilikifungua ofisini, mbele ya watu, kwa sababu sikujua ni nini. Venant akakichukua akasoma kwa sauti yake ya studio: "Odeta Mashimba, Mhariri wa Habari." Akanigeukia. "Dada, hii ni ya meza au ya kaburi?" Wakacheka wote mpaka fundi mitambo akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini.

Mhariri wa Habari wa Redio Ukingo ni Venant Yeremia. Ni yeye tangu Novemba. Nilimpokea akiwa hajui kutofautisha habari na tangazo la msiba. Nimemfundisha miaka mitatu, kisha Mkurugenzi Chenge akamketisha juu yangu, akaniambia eti mwanaume anaweza kufika popote saa yoyote. Nikamuuliza, magari ya kwenda Sengerema yanabagua? Akasema nisiwe mkali.

Sasa hiyo picha. Desemba walikuja wageni. Asubuhi yake Mkurugenzi akamtuma Venant benki, mimi akaniambia, "Mama, keti pale kidogo, panapendeza ukikaa." Nilidhani wanataka mtu wa kupokea salamu. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Venant aliporudi alikuta kiti bado cha moto, akakigeuza mto juu chini kabla ya kukaa. Niliona.

Na wewe unaniambia hongera. Umekaa Dodoma na wafadhili wako mpaka umesahau redio hii ilivyo? Wiki iliyopita taarifa zetu zilikuwa na habari ishirini na sita za mkoa. Kumi na saba nimezileta mimi, kwa miguu yangu. Jina langu limetajwa hewani mara mbili, na zote mbili ni za bei ya sato. Zilizobaki Venant amezisoma yeye, akamaliza kwa jina lake. Anasema habari nzito inahitaji sauti nzito.

Kama ulikuwa unanikejeli, umefanikiwa. Kama hukujua, basi kazi yako ni ipi huko?

Naandika kwa karatasi kwa sababu ujumbe wa sauti hapa unasambazwa kabla sijafika nyumbani. Nimechoka sauti yangu kutembea bila mimi.

Odeta


Dodoma,
17 Machi 2025

Dada Odeta,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika.

Wallahi sikujua. Walituambia wewe ni mhariri, tukaona picha, tukaamini. Nilisoma barua yako nikashindwa kula.

Lakini nisikilize kwanza, halafu ukasirike. Huu mradi ndio unaowalipa Queen na Kija hapo kwenu. Wewe mwenyewe uliniambia Queen ana sikio la habari, na Kija ana sauti iliyotulia kuliko watangazaji wote mlio nao. Wafadhili wakijua walidanganywa, watafunga Ukingo kesho yake, na labda na redio nyingine nane. Nani ataumia? Si Venant.

Nitaongea na Mkurugenzi Chenge kwa upole, na suala nitalishughulikia kwa ngazi zinazohusika. Ninachoomba ni kimoja. Wageni wakija Mei, kaa tu tena pale, siku moja. Wakiondoka wameridhika, awamu ya pili inapita, na hapo nitakuwa na nguvu ya kumlazimisha Chenge akupe kiti kweli. Nipe miezi hiyo miwili.

Dada, usidhani mimi sijui uchungu huu. Nilipoomba kutangaza kwenye luninga, si niliambiwa haipokei ushungi, kwamba watazamaji watadhani ni kipindi cha dini? Nilikuja kulilia kwako Kirumba, ukanipikia kambale. Najua kusimama nje ya mlango kukoje.

Nusrat


Kirumba,
24 Machi 2025

Nusrat,

Marahaba.

Umeongea na Chenge kwa upole, na upole wako umenifikia. Aliniita Alhamisi. Akaniita "mama" kabla sijakaa, nikajua kuna jambo.

"Mama Odeta, nasikia unalalamika mpaka makao makuu."

"Silalamiki, Mkurugenzi. Nilirudisha kibao."

"Sasa kiti ni nini? Mbao na sponji. Umekaa, umepigwa picha, umepungua kilo ngapi?"

"Kama ni mbao na sponji, Venant anionee huruma anipe."

Akacheka, akasema ulimi huo ndio unaomfanya anipende kwenye habari za sokoni. Kisha akanipa zawadi. Kipindi kipya, Jumamosi asubuhi, cha malezi na mapishi. Mimi, Nusrat. Mimi ambaye mwanangu amelelewa na mama yangu ili nikimbizane na madiwani.

Unamtaja Queen na Kija kana kwamba mimi ndiye nitakayewaumiza. Ngoja nikuambie wanafanya nini na mshahara wenu. Queen anaandika majina ya wageni mapokezi na kuagiza soda. Kija hajasoma neno hewani tangu aajiriwe. Nilimuuliza Venant sababu, akanijibu mbele ya Kija mwenyewe, "Redio haina picha. Watu hawamwoni kama ana ualbino, sasa mradi utajuaje tunaye?" Alidhani ametoa hoja.

Ila wageni wakija, yumo. Desemba walimweka dirishani, jua la mchana linampiga usoni, kwa sababu mpiga picha alitaka mwanga. Alitoka pale ngozi imewiva. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kizuri, namwona, nikasubiri picha iishe ndipo nikainuka kumhamisha. Na wewe unataka nikae tena.

Hizo ngazi zinazohusika ni zipi? Umemwambia mkuu wako aliyebandika picha ubaoni? Jibu hilo tu, mengine usijibu.

Odeta


Dodoma,
4 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo.

Sijamwambia. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kikao nikasema namjua huyu mwanamke, naweza kumdhamini, redio hii ni mfano. Nikirudi kusema haikuwa kweli, swali la kwanza litakuwa, "Wewe uliyetoka pale ulishindwaje kujua?" Mkataba wangu unaisha Juni. Nina wadogo zangu wawili chuoni na baba hauzi tena kama zamani.

Umeuliza, nimejibu.

Naomba usifanye lolote kabla sijafika. Nakuomba kama mdogo wako, si kama ofisa wa mradi.

Nusrat


Redio Ukingo,
Mwanza,
9 Mei 2025

Kwa: Mkurugenzi

YAH: KUKAA KWENYE KITI CHA MHARIRI TAREHE 14 MEI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kufuatia maelekezo yako ya mdomo ya Jumatano, nakubali kukaa kwenye kiti cha Mhariri wa Habari siku ya wageni, kuanzia kikao cha saa mbili asubuhi hadi taarifa ya habari ya saa saba mchana itakapokwisha.

Naomba wafanyakazi wote, akiwemo Ndugu Venant, wajulishwe kwamba kwa muda huo mhariri ni mimi. Naomba pia uthibitisho wako kwa maandishi.

Odeta Mashimba
Mwandishi


9 Mei 2025

Bi. Odeta,

Nimeridhia yote. Wafanyakazi nimewatangazia leo kwenye kikao kwamba tarehe 14 kuanzia saa mbili hadi baada ya taarifa ya mchana mhariri ni wewe, na wote watakutii mbele ya wageni. Hongera kwa kukomaa. Vaa kile kitenge. Soda zitaletwa saa tano.

Chenge


Redio Ukingo,
Mwanza,
16 Mei 2025

Kwa: Bi. Odeta Mashimba

YAH: KUTAKIWA KUJIELEZA

Unatakiwa ndani ya siku tatu ueleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kwa uliyoyafanya tarehe 14 Mei, ukiwa umekabidhiwa kiti cha Mhariri kwa ajili ya mapokezi ya wageni.

Ulimtuma Ndugu Venant Yeremia nje ya ofisi kufuata habari, ukijua kwamba alitakiwa kuwepo kwa dharura. Aliporudi ulimrudisha tena, mbele ya wageni, kwa maneno ya kumdhalilisha. Ulibadilisha mpangilio wa taarifa ya saa saba bila kunishirikisha, ukaanza na habari ya wakaushaji dagaa na kuiondoa habari ya ufunguzi wa duka la mdhamini wetu. Ulimwingiza studio Bi. Kija Mayala, ambaye hayumo kwenye zamu za usomaji. Ulimwagiza Bi. Queen kuacha mapokezi, soda zikachelewa.

Zaidi ya yote, ulipoulizwa na mgeni swali la heshima, ulitoa jibu lililoiaibisha kampuni.

Chenge
Mkurugenzi


Mwanza,
17 Mei 2025

Kwa: Mkurugenzi

YAH: MAELEZO YANGU

Barua yako nimeipokea na hayo uliyoyaandika mengi ni kweli. Nayaeleza ili yasibaki nusu.

Saa mbili asubuhi nilikaa kwenye kiti. Kikao cha habari kikaanza. Uliandika mhariri ni mimi, kwa hiyo nikahariri. Sikuelewa kama ulitaka nikae bila kufanya kazi, kwa sababu hukuandika hivyo.

Ndugu Venant nilimtuma kwenye mwalo ambako akina mama wanaokausha dagaa wameambiwa waondoe vichanja vyao vya kuanikia ndani ya mwezi mmoja. Habari hiyo nilikuwa nayo tangu mwisho wa Aprili, na mara tatu ameikata akisema ni ya akina mama, ingoje Jumamosi. Ni kaya zaidi ya mia mbili zinazokula kwa vichanja hivyo. Alirudi saa nne akiwa na sauti ya mwenyekiti peke yake. Nilichomwambia ni hiki, na wageni walisikia: "Rudi. Mwenyekiti hakaushi dagaa." Hayo ndiyo maneno unayoyaita ya kudhalilisha. Nimeyatumia kwa kila mwandishi niliyemfundisha hapa, yeye akiwemo, na alipokuwa chini yangu hakulalamika. Alirudi mwaloni. Saa sita alileta sauti nne, nzuri, na nikamwambia ni nzuri. Nilimwacha aisome ripoti kwa jina lake, kwa sababu aliifuata mwenyewe.

Habari ya duka sikuiondoa kwenye redio, niliihamishia kwenye matangazo. Ndiko nyumbani kwake.

Kija nilimpanga kusoma kwa sababu ndiye msomaji bora tuliye naye. Alisoma dakika kumi na tano bila kujikwaa. Mwaka huu hapa ndani sijasikia mwingine akifanya hivyo.

Queen nilimpa simu za wasikilizaji. Soda zilichelewa, nakiri.

Mgeni aliniuliza nimekuwa mhariri tangu lini. Niliangalia saa ya ukutani nikamjibu, "Tangu saa mbili asubuhi." Akadhani natania. Akauliza, na utaendelea hadi lini? Nikamwambia hadi taarifa ya saa saba iishe, Mkurugenzi ameandika, barua hii hapa. Nikampa aisome.

Kampuni haikuaibishwa na jibu langu. Nilijibu kilichoulizwa.

Odeta Mashimba
Mwandishi


Dodoma,
27 Juni 2025

Dada Odeta,

Shikamoo.

Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nikianza naandika matusi.

Nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwako. Ulinitazama mimi kabla ya kumjibu yule mgeni. Nilitikisa kichwa, ukaona, ukajibu vile vile. Tuliondoka wote kwa gari moja, tukapita Buzuruga. Kisha mkuu wangu akauliza bila kugeuka, "Nusrat, ulijua?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikasema tangu Machi. Akarudia, "Machi," taratibu, kama mtu anayehesabu safari za kikazi nilizosafiri tangu Machi nikiielezea picha yako kwenye mikutano.

Mkataba haukuongezwa. Leo nimekabidhi kompyuta.

Chenge amepewa hadi mwisho wa Julai: ama aliyeonyeshwa kwenye kiti awe ndiye mwenye kiti, kwa barua na kwa mshahara, ama Ukingo itoke kwenye mradi. Redio nyingine nane zitakaguliwa kimya kimya, bila siku ya wageni. Nimesikia mbili zimeshaanza kuhamisha watu meza. Kwa hiyo ulichokitaka kitatokea. Kimetokea mimi nikiwa sipo.

Kuna saa nakulaumu, kuna saa nakumbuka Kija anavyosoma. Nilikuwa nimewafundisha mabinti mia moja na kitu wadai nafasi zao, na wa kwanza kuidai mbele yangu nikamtikisia kichwa akae kimya.

Sasa nisikilize. Nitarudi Mwanza mwezi Agosti. Ukipewa kile kiti, niweke mahali. Uandishi, uzalishaji, chochote. Tunajuana, kazi yangu unaijua, si lazima ipite mezani kwa mtu mwingine. Wanaume pale waliingizana hivyo hivyo miaka yote na dunia haikuanguka.

Mdogo wako,
Nusrat


Redio Ukingo,
Mwanza,
12 Agosti 2025

Nusrat mdogo wangu,

Marahaba.

Nimepewa. Barua ilitoka tarehe 31 Julai jioni, saa ya mwisho kabisa, kama mtu anayetapika. Ni majaribio ya miezi mitatu. Venant hakupewa majaribio hata ya wiki. Nimemuuliza Chenge sababu, akasema ni utaratibu mpya. Nikamwambia autumie kwa wote watakaokuja, na aandike.

Usidhani nimefurahi. Nilipokaa asubuhi ya kwanza nilisikia hasira tu, kwamba kitu nilichokistahili tangu zamani nimekipata kwa sababu watu wa mbali walitishia kufunga mfuko. Angenipa mwenyewe ningemheshimu mpaka kufa. Sasa namwamkia, basi.

Venant yupo. Ananiambia "Shikamoo, Mhariri" kila asubuhi, kwa sauti ile ya studio, na ni mara ya kwanza ananiamkia tangu nimfahamu. Namwitikia kila mara, taratibu, mpaka wengine wanamcheka yeye. Kazi anafanya. Daraja la Busisi limefunguliwa, kwa hiyo namtuma ng'ambo asubuhi na saa saba yuko hewani na sauti za watu, wala hana kisingizio cha kivuko.

Kija anasoma taarifa ya mchana siku tatu kwa wiki. Amekaa mbali na dirisha. Queen ameondoka, hakusubiri. Anatangaza mabasi kwa kipaza sauti stendi ya Buzuruga. Nilimfuata arudi, akanijibu, "Hapa dada angalau nikisema watu wanageuka." Huyo nimempoteza mimi, kwa kumwacha mapokezi mwaka mzima huku nikipigania cheo changu.

Akina mama wa mwaloni wameongezewa muda hadi Desemba. Muda tu, si haki. Tunarudi huko Jumatatu.

Sasa wewe. Uliumia kwa jambo nililolifanya nikijua litakuumiza. Siwezi kukuomba msamaha, kwa sababu ningelifanya tena. Na nimekasirika nawe bado, kwa kile kichwa ulichokitikisa. Yote mawili yapo, na chumba cha uani kwangu kipo pia. Njoo ukae unavyotaka, utanikuta na sato au utanikuta na dagaa, utakula.

Kazi ni jambo lingine. Kuna nafasi mbili za uandishi. Nimezitangaza hewani wiki iliyopita, mara nne, na Kija ndiye aliyesoma. Watu thelathini na mmoja wameshaleta maombi, kumi na tisa ni wanawake, wawili wameandikiwa na wenzao kwa sababu hawaoni. Hao wote hawanijui, na wengi wao hawajawahi kujuana na mtu yeyote aliyekaa ndani ya jengo hili. Unaniambia wanaume waliingizana hivyo miaka yote. Ndiyo. Ndivyo Venant alivyoingia.

Mwisho wa kupokea ni tarehe 25. Leta yako mapokezi kama wengine. Iandike kama mtu asiyenijua, nami nitaisoma kama mtu asiyekujua.

Odeta Mashimba
Mhariri wa Habari